Gongoni: Mji wa Chumvi na Mpira wa Wenyewe

Msafiri atokaye Malindi kwenda upande wa kaskazini huvuka kwanza mto Sabaki, ambao wakati wa mvua maji yake hugeuka mekundu kwa udongo uliochukuliwa kutoka bara. Ng'ambo ya mto hukutana na Mambrui, mji wa kale wa Waswahili, ambako mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na wa China walichimbua sarafu ya zama za Yongle, mfalme wa China wa karne ya 15. Kisha barabara iendayo Garsen huendelea kati ya minazi, mikorosho na mashamba ya mahindi, na kabla saa moja haijapita matatu husimama Gongoni.

Gongoni si mji mkubwa. Ni kituo cha biashara katika Magarini, Kaunti ya Kilifi, na wenyeji wake wengi ni Wagiriama, pamoja na Waswahili, Wabajuni, na watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Upande wa bahari iko Ngomeni, kijiji cha wavuvi, na mbele yake majini yamesimama majukwaa ya chuma yaliyojengwa na Waitaliano. Kutoka huko, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kilirushwa angani chombo kilichopewa jina la Uhuru, cha kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Basi mtu asidhani ya kuwa mahali hapa pako kando ya dunia.

Kazi ya Chumvi

Lakini jambo limshangazalo mgeni kwanza ni weupe. Kutoka hapa hata Marereni, sehemu kubwa ya pwani imekatwa mabwawa mapana ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua katika bwawa la kwanza, yakaachwa juani ili jua na upepo viyapunguze. Yakizidi ukali huhamishiwa bwawa la pili, na la tatu, hata yafikapo bwawa la mwisho yamekuwa mazito, na chumvi huanza kuganda chini. Ndipo huja watu wenye makoleo, wakaikusanya mafungu mafungu, na malori huichukua. Miezi ya kaskazi, jua linapokuwa kali, ndiyo ya neema. Mvua moja kubwa isiyotazamiwa yaweza kuharibu kazi ya majuma mengi, kwa kuwa maji matamu huyeyusha kile kilichokwisha kuganda.

Kazi hii imeleta mishahara, na imeleta malalamiko pia. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadharani Malindi, ikasikiliza habari za ardhi, ujira, hali ya kazi na uharibifu wa mazingira katika nchi hii ya chumvi. Kwa maneno mafupi, shauri lilikuwa hili: mali ni ya nani, na mwenyeji ana sauti gani ndani yake?

Swali hilo hilo, kwa namna nyingine, huonekana jioni kiwanjani.

Jioni Kiwanjani

Jua likipoa, vijana hutoka kazini wakaenda kucheza mpira, kama ilivyo desturi ya pwani nzima. Aliyeshika koleo tangu alfajiri huonekana sasa akikimbia kama kwamba hakufanya kazi siku ile. Wazee hukaa chini ya mwarobaini, watoto hupanga mstari wa pembeni kwa miguu yao, na wauza mihogo ya kukaanga hawakosi wanunuzi. Hapana kiingilio, wala ukuta wa kumzuia mtu.

Je, timu ya namna hii ni ya nani? Wote watajibu: ni yetu. Lakini katika vijiji vingi vya pwani jibu hilo ni la mdomo tu. Ukiuliza jezi zilitoka wapi, utaambiwa zilitoka kwa mtu aliyetaka kura. Ukiuliza mipira, ilitoka kwa mwingine mwenye haja kama hiyo. Uchaguzi ukiisha, mfadhili haonekani, jezi huchakaa, na timu iliyokuwa ikiimbwa huvunjika kimya kimya. Fedha za namna hiyo hushuka kama mvua juu ya bwawa la chumvi: ni nyingi kwa siku moja, na zikiisha kupita huacha maji matupu. Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakisitiri mwili.

Watu wa Manchester

Yafaa msomaji ajue ya kuwa shida hii si ya maskini peke yao. Mwaka 2005, katika mji wa Manchester, Uingereza, tajiri wa Kimarekani Malcolm Glazer aliinunua klabu kubwa ya Manchester United, na sehemu kubwa ya fedha alizonunulia ilikuwa mikopo, ambayo deni lake lilitwikwa klabu yenyewe. Baadhi ya wapenzi wa timu hiyo walikasirika. Wengine walilalamika, kisha wakarudi kukata tiketi. Wengine walikutana, wakachanga fedha, wakaanzisha klabu yao wenyewe mwaka ule ule, nayo ikaitwa FC United of Manchester.

Klabu hiyo ilianza chini kabisa, katika daraja la kumi la mpira wa Uingereza, haina hata uwanja wake. Ikapanda daraja misimu mitatu mfululizo. Wachezaji wa madaraja hayo hulipwa kidogo tu. Wengi wao mchana wana kazi nyingine, na jioni huenda mazoezini, kama yule kijana wa Gongoni na koleo lake. Kanuni yake kubwa ni hii: kila mwanachama ana kura moja. Mwenye kutoa nyingi na mwenye kutoa kidogo wako sawa siku ya kupiga kura, na viongozi huchaguliwa na wanachama. Mwezi wa Mei 2015 walifungua uwanja wao, Broadhurst Park, katika mtaa wa Moston, na timu iliyokuja kucheza nao siku ya ufunguzi ilikuwa Benfica ya Ureno.

Wala mtu asidhani kwamba mambo yao yalikuwa asali tupu. Mwaka 2016 palitokea ugomvi mkubwa kati ya wanachama na viongozi, na baadhi ya wajumbe wa halmashauri wakajiuzulu. Lakini kwa kuwa klabu ilikuwa na kanuni, wanachama walichagua wajumbe wengine, na klabu haikufa.

Huko London nako, mwaka 2002, klabu ya Wimbledon iliporuhusiwa kuhamishiwa mji wa Milton Keynes, wapenzi wake waliobaki waliunda AFC Wimbledon. Wachezaji wa kwanza walipatikana kwa majaribio katika uwanja wa wazi wa watu wote. Baada ya miaka 9 tu, mwaka 2011, klabu hiyo ilikuwa imeingia katika ligi ya wachezaji wa kulipwa.

Mifano ya Nyumbani

Hata hivyo Mwafrika wa Mashariki hana haja ya kwenda Uingereza kujifunza jambo hili, maana babu zake walilijua mapema. Young Africans ya Dar es Salaam ilianzishwa na wananchi mwaka 1935, na jirani yake, ambayo tangu 1971 huitwa Simba, ilizaliwa mwaka 1936. Hapa Kenya, Abaluhya United iliundwa mwaka 1964, nayo ndiyo AFC Leopards ya sasa. Na Gor Mahia ikafuata mwaka 1968. Hizi zilikuwa klabu za watu, zilizosimama kwa ada, kiingilio na michango. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare 2 kwa 2 na Esperance huko Tunis, kisha 1 kwa 1 Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Pwani nayo ina fahari yake: mwaka 1965 ubingwa wa Kenya ulichukuliwa na Feisal ya Mombasa.

Wasimulizi hupenda kusimulia vikombe. Lakini mtu akichunguza sababu ya klabu nyingi za watu kudhoofika, ataona kwamba mara nyingi adui hakutoka nje. Fedha za mlangoni hazikuandikwa, uchaguzi uliahirishwa, na viongozi wawili wakadai kiti kimoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lipasalo Kufanywa

Kwa mji kama Gongoni, basi, jambo hili laweza kufanywa bila kungoja tajiri. Mathalani, watu 200 wakitoa shilingi 20 kila mwezi, hiyo ni shilingi 4,000. Na kwa mwaka mzima ni shilingi 48,000. Siku hizi ada hutumwa kwa simu, na kila mtu hubaki na ushahidi wake. Fedha hizo si nyingi, lakini zatosha kununua mipira, wavu na dawa za mchezaji aliyeumia, wala hazidai kura ya mtu.

Yapasa pia kuwe na katiba fupi inayoeleweka, mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa kwa muda maalumu, na hesabu isomwe mbele ya wote. Sheria ya Michezo ya Kenya ya mwaka 2013 yataka klabu iandikishwe kwa Msajili wa Michezo; na klabu iliyoandikishwa ni vigumu mtu mmoja kuitia mfukoni. Mfadhili akija, apokewe kwa shukrani na fedha zake ziandikwe, lakini kura yake iwe moja kama ya muuza mihogo.

Wagiriama wana desturi ya mweria, yaani watu kukusanyika wakalima shamba la huyu leo na la yule kesho. Asiyekuja kwa mwenziwe hawezi kutazamia kujiwa. Klabu ya wenyewe ni mweria wa mpira, ila shamba lake ni kiwanja.

Giza likiingia mchezo husimama. Watoto hutawanyika, na vijana wawili hupanda milingotini kufungua wavu, maana ukiachwa usiku hautaonekana asubuhi. Ndipo husikika swali ambalo kila timu ya kijijini hulijua: leo wavu ukalale kwa nani? Mahali pasipo na klabu, wavu hulala kwa yeyote mwenye nafasi, na siku moja hupotea pasipo wa kuulizwa. Mahali penye klabu, hulala kwa katibu, umeandikwa daftarini, na watu 200 wanajua uliko.