Bata Wetu na Baridi ya Disemba



Wanafunzi wenzangu na wazee wetu watukufu, baada ya kumshukuru Allah Subhanahu wa Ta'ala na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kukusimulieni kosa nililolifanya majira ya baridi yaliyopita, ili nanyi mpate faida.

Sisi tunaishi hapa Uingereza, na nyuma ya nyumba yetu tuna bata wanne. Baba aliponinunulia alinipa sharti moja tu: "Hii ni amana. Ukichoka sema, usinyamaze." Nikakubali.

Disemba ilipoingia, maji yaliganda kwenye beseni na majani ya uani yakawa meupe. Niliwahurumia sana bata wangu. Nikachukua matambara nikaziba kila tundu la banda lao, hata yale ya juu yenye wavu. Tena kwa kuwa siku ni fupi na jua huzama mapema, nikirudi skuli kiza kimekaribia. Nikawa nawatupia chakula mlangoni na kukimbilia ndani. Mabua ya kulalia sikuyabadilisha wiki mbili.

Siku moja Kidoti, bata ninayempenda kuliko wote, hakutoka nje. Macho ameyafumba, machozi yanamtoka, anapumua kwa shida. Bibi aliinama mlangoni kumtazama, harufu kali ikamrudisha nyuma. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu lala humu wewe usiku mmoja." Sikuwa na la kujibu.

Daktari wa mifugo alitueleza kwamba bata mzima baridi haimsumbui sana. Ana manyoya laini ya ndani yanayoshika joto, na karibu na mkia ana tezi ya mafuta anayojipaka kwa mdomo ili maji yasimpenye. Kinachomdhuru ni unyevu na mvuke wa kinyesi, ambao huchoma macho na mapafu. Kumbe yale matundu ya juu ndiyo njia ya mvuke kutokea! Huruma yangu bila ya elimu ndiyo iliyomuumiza.

Sasa kila siku nikishasali Alfajiri navaa koti na viatu vya bandani. Hivyo naviweka mbali na nguo za sala, kwani katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kinyesi cha ndege ni najisi. Natoa mabua yaliyolowa, naweka makavu. Navunja barafu na kutia maji mapya, yenye kina cha kumtosha bata kuzamisha kichwa, maana ndivyo anavyosafisha macho na pua. Jioni nafunga mlango kwa komeo kwa kuhofia mbweha, lakini matundu ya juu nayaacha wazi.

Kidoti alipona, alhamdulillahi, ila jicho moja halioni vizuri. Hugeuza shingo ili anitazame kwa lile jingine.

Ustadhi alitufundisha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha. Zamani nikiisikia nilidhani mimi simo, kwa kuwa chakula nilikuwa natoa. Leo nikimwona Kidoti akigeuza shingo, najua kwamba chakula peke yake hakitoshi.

Ndugu zangu, mwenye mnyama nyumbani akalitazame banda lake leo, kabla hajalala.

Wabillahi tawfiq.