Gazeti la zamani lililosubiriwa Kisarawe

Mama mdogo alinipigia simu Jumatano usiku. Siku hiyo hakuanza na salamu zake ndefu.

"Mwanangu, kesho si unakwenda Kibaha?"

Nikamwambia ndiyo, nina kazi ya habari Tumbi.

"Basi pita maktaba unitafutie gazeti. Jumapili wanakaa."

"Wanakaa" maana yake ni kikao cha ukoo. Mumewe, baba yetu mdogo, alifariki mwanzoni mwa mwaka 2024 akaacha nyumba na shamba la mikorosho Kisarawe. Mama mdogo aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kabla ya kuthibitishwa, tangazo lilitoka gazetini ili mwenye dai au pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Sasa baba mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa mbali kwa biashara zake, anasema mambo yalifanyika kimyakimya na kwamba hakuna tangazo lililotoka.

Mama mdogo alikuwa na gazeti hilo. Alilikunja mara nne, akaliweka chini ya nguo kwenye sanduku la mbao. Juzi alipofungua sanduku, mchwa walikuwa wameshamaliza kazi. Nakala ya jalada la mahakama alikuwa ameomba, lakini isingetoka kabla ya Jumapili.

Ndiyo sababu Alhamisi saa nane mchana, baada ya kumaliza kazi yangu Tumbi, nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya mkutubi.

Tarehe isiyojulikana

Kibaha ni mji ambao wengi tunaupita tukielekea Morogoro. Tunanunua maji pale Maili Moja na safari inaendelea. Lakini ni mji wenye historia ya elimu. Shirika la Elimu Kibaha lilianza kama mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordic miaka ya mwanzo ya uhuru, likakabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, na mpaka leo jina la Kibaha linakwenda na shule. Vijana wanaojua kusoma kimyakimya si wageni hapa.

Maktaba niliyoingia ni ndogo. Sitaitaja, kwa sababu mkutubi aliniomba niandike habari za magazeti, nisiandike habari zake. Ukutani kuna fito za mbao zilizobana magazeti ya siku hiyo. Wazee wawili walikuwa wanasoma, na mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake amalize kurasa za michezo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Gazeti gani, la tarehe ngapi?"

Jina la gazeti nilikuwa nalo, tarehe sikuwa nayo. Nilimpigia mama mdogo. Akasema anachokumbuka ni kwamba lilitoka baada ya Idi Kubwa, kabla watoto hawajarudi shule.

Mkutubi hakukata tamaa. Alichukua kalamu, akahesabu. Idi Kubwa ya mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni, na shule zilifunguliwa mwanzoni mwa Julai. "Hizo ni wiki mbili," akasema. "Matoleo kumi na manne. Hayo tunayaweza."

Akafungua daftari kubwa. Kila gazeti linapofika asubuhi hugongwa mhuri wa tarehe na kuwekewa alama kwenye daftari hilo. Siku ambayo gazeti halikuletwa, nafasi yake inaachwa wazi, ili mtu asipoteze saa nzima akitafuta kitu ambacho hakikufika. Kazi hii huchukua dakika kumi kwa siku. Ikirukwa mwezi mmoja, alisema, chumba kizima kinageuka kuwa lundo la karatasi.

Alama za wiki zile mbili zilikuwa kamili. Gazeti lipo.

Kila ukurasa una mgongo

Tukaingia chumba cha nyuma. Magazeti yamelazwa, hayakusimamishwa, kila mwezi na fungu lake ndani ya boksi, na maboksi yapo juu ya mbao, si sakafuni. Mkutubi alinipa barakoa. Nilifurahi kuona hivyo, maana vumbi la karatasi kuukuu si zuri kwa mtu mwenye pumu, na niliwahi kuwaona wafanyakazi wa masjala wakikohoa kutwa nzima bila kujua sababu.

Tulipekua moja baada ya jingine kwenye meza. Toleo la tisa lilikuwa na ukurasa wa matangazo uliochanwa. Ulichanwa vizuri kwa rula, umebaki ukingo mwembamba tu. Tukaendelea mpaka la kumi na nne. Hakuna tangazo la mirathi la jina letu.

Tukarudi kwenye lile la tisa. Mkutubi akalitazama, akatikisa kichwa.

"Hapa palikuwa na ajira," akasema. "Wanachana ajira, matokeo ya mitihani na picha za wachezaji. Aliyechana hakuwa na haja na tangazo lenu. Lilikuwa mgongoni tu."

Nilikaa kwenye kiti. Kijana fulani alitafuta kazi, labda aliipata, na Mungu amjalie. Lakini kwa kuchana kipande chake aliondoka na ushahidi wa mjane asiyemjua. Nilifikiria nitakavyompigia mama mdogo kumwambia.

Mkutubi alitoka bila kusema kitu. Aliporudi alikuwa na fungu lililofungwa kamba ya katani. Mstaafu mmoja wa jirani, alieleza, husoma gazeti nyumbani na kila mwisho wa mwezi huleta nakala zake. Nakala zinazojirudia hutengwa kwa ajili ya shule za msingi. Fungu la Juni lilikuwa bado halijachukuliwa.

Toleo la tisa lilikuwa humo. Ukurasa ulikuwepo. Chini kushoto, kwa herufi ndogo, jina la baba mdogo.

Sikulia, lakini nilimwomba mkutubi dakika moja.

Nini kibaki, nini kiondoke

Wakati kijana wa maktaba akitoa kopi, nilimuuliza mkutubi kwa nini wasihifadhi kila kitu. Akaniambia nihesabu. Magazeti manne ya kila siku yanaleta matoleo zaidi ya 1,400 kwa mwaka. Ongeza ya kila wiki na majarida. Chumba cha nyuma kina ukubwa wa chumba cha kulala.

Kwa hiyo wanachagua. Gazeti moja la Kiswahili la kila siku linahifadhiwa lote. Mengine hukaa muda fulani, kisha habari zinazohusu Mkoa wa Pwani hukatwa na kuwekwa kwenye mafaili kwa mada: maji, afya, ardhi, shule, barabara. Majarida ya watoto, kilimo na afya hayatupwi haraka, kwa sababu makala ya lishe ya miaka mitano iliyopita bado inamfaa mama wa leo. Ratiba ya michezo ya wiki iliyopita haimfai mtu.

Maktaba ndogo haibebi mzigo huu peke yake. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, ndiyo inayopaswa kupokea nakala za machapisho ya nchi kwa mujibu wa sheria. Hapo Bagamoyo, ndani ya mkoa huuhuu, kuna chuo kinachofundisha kazi za ukutubi na utunzaji wa nyaraka. Mkutubi wa mji mdogo akijua kwamba gazeti fulani linatunzwa Dar, anaweza kuliondoa kwake kwa moyo mweupe na kubaki na kile ambacho Dar hawatakikata: habari ya kisima cha kijiji fulani, au orodha ya wanafunzi wa shule fulani.

Mengine yanakwenda wapi? Hapo mkutubi alicheka. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, karatasi kuukuu zimepata soko. Wanunuzi wa magazeti kwa kilo humjia kila mara. Huwa anawapa shule kwanza.

Kama mwandishi wa afya nina neno hapa. Wino wa gazeti haukutengenezwa uguse chakula. Kitumbua cha moto chenye mafuta kikifungwa kwenye gazeti, wino hunyonywa na mafuta na mtoto anaula. Muuzaji wako akikosa karatasi safi, nenda na bakuli lako.

Safari ya Kisarawe

Kibaha na Kisarawe ni wilaya za mkoa mmoja, lakini kwa daladala utapitishwa Dar es Salaam. Jumapili asubuhi niliondoka nyumbani na bahasha kifuani kama niliyebeba majibu ya vipimo. Baada ya Gongo la Mboto barabara inaanza kupanda, unaupita Pugu, msitu unakaribia barabara na hewa inabadilika. Kisarawe iko juu kidogo, na asubuhi ina ubaridi ambao mtu wa Kariakoo anaushangaa.

Kwa miaka mingi mji huu ulijulikana kwa shida ya maji. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nikija likizo, kazi ya kwanza ilikuwa ndoo. Mwaka 2020 ulizinduliwa mradi wa kuleta maji kutoka Kibamba. Ahadi, malalamiko na uzinduzi, yote yaliandikwa magazetini. Mtoto wa Kisarawe aliyezaliwa mwaka huo, akikua na kutaka kujua bibi yake aliishije, atahitaji mtu awe amezitunza kurasa hizo.

Kikao kilikaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Wazee kwenye viti, kina mama kwenye mkeka. Baba mkubwa alizungumza kwanza, kwa utaratibu, na nikiri kwamba sikuona hila usoni mwake. Niliona mtu aliyeumia kwamba mdogo wake alizikwa na mambo yakapangwa yeye hayupo.

Mama mdogo hakujibu. Alinitazama. Nikapiga goti, nikampa baba mkubwa kopi kwa mikono miwili.

Alivaa miwani. Alisoma tangazo, akasoma tarehe juu ya ukurasa, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. Akauliza limetoka wapi. Nikamweleza habari ya maktaba, daftari na ukurasa uliochanwa. Mzee mmoja akaiomba, ikazunguka mkono kwa mkono.

"Basi lilitoka," baba mkubwa akasema mwishoni. "Mimi sikuliona."

Haikuwa mwisho wa kila kitu. Suala la mipaka ya shamba bado lipo na litahitaji kikao kingine. Lakini neno la kwamba mama mdogo alificha lilikufa siku ile, na chai ilinyweka.

Ya kufanya nyumbani

Mzazi, huna haja ya kuwa na maktaba ili kutunza karatasi moja muhimu. Haya ndiyo niliyojifunza:

Kwanza, piga picha kwa simu siku ileile. Picha ionyeshe jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa, si tangazo peke yake. Itume kwa mtu mwingine unayemwamini, maana simu nazo hupotea.

Pili, ukikata kipande, andika pembeni kwa penseli jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Kipande kisicho na tarehe hakimsaidii mtu mbele ya kikao.

Tatu, laza, usikunje. Weka kwenye bahasha ngumu, juu kabatini, mbali na jua na ukuta wenye unyevu. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao kwa bei nafuu, na jua huigeuza njano na kuivunja. Usiibandike kwa selotepu. Inaacha doa na kula karatasi.

Nne, usitegemee zile tembe nyeupe za kabatini za kufukuza wadudu kama una watoto wadogo. Zina sumu. Mtoto akizidhani ni pipi zinaweza kuharibu chembe nyekundu za damu yake. Kagua sanduku kila mwezi. Hiyo ndiyo dawa.

Tano, mpeleke mtoto maktaba, mwonyeshe gazeti, na mfundishe kunakili anachokitaka au kukipiga picha kwa ruhusa. Mwambie kwa nini hatuchani.

Binti wa mama mdogo, aliye darasa la tano, alinisindikiza mpaka kituoni jioni ile. Njiani aliniuliza nani alichana ukurasa. Nikamwambia simjui. Akafikiri kidogo.

"Labda alikuwa hana hela ya kopi," akasema.

Wiki iliyofuata nilimtumia mkutubi boksi la magazeti yangu ya miezi sita, pamoja na rimu moja ya karatasi za kopi.