Kahe, gari lilipozima na sisi tukaanza kuongea

Kama umeolewa Uchagani, Desemba unaijua. Ikifika katikati ya mwezi, barabara ya kutoka Dar inajaa magari yaliyong'arishwa, kila mtu anakwenda nyumbani "kuhesabiwa". Utani huo ni wa zamani, lakini ukikaa kibarazani kwa mama mkwe kule Marangu utaona kweli watu wanahesabiwa, na magari yao vilevile.

Desemba mwaka jana sisi tulipanda na gari la miezi minane. Jipya kabisa, siyo la mkono wa pili kutoka Japani kama tulivyozoea wengi. Viti vya nyuma bado vilikuwa na nailoni yake. Majirani walikuja kulipapasa, mume wangu akawa anacheka kwa aibu ya kujifanya.

Kitu ambacho majirani hawakukijua ni kwamba gari lile lilikuwa na tabia. Siku tisa linawaka vizuri, siku ya kumi unabonyeza kitufe, taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, halafu injini inasema "tik" moja, basi. Ukingoja dakika kumi, au nusu saa, linawaka kama halijawahi kukukosea. Mara mbili tulilirudisha kwa waliotuuzia. Mara zote mbili liliwaka mbele yao bila shida, kompyuta yao ikasema hakuna kosa. Fundi akanitazama kama mama aliyeleta mtoto hospitali, na mtoto anaruka ruka.

Basi mwenzangu akabuni dawa yake: usilizime. Tukienda dukani, injini inaunguruma. Tukienda kanisani, inaunguruma, na mimi nabaki ndani kama mlinzi wa benki. Shemeji zangu walidhani nina mimba, ndiyo maana nakaa kwenye kiyoyozi!

Siku ya pili baada ya Krismasi, Mama akatutuma Kahe. Kwa asiyejua, familia nyingi za Kichaga zina kihamba juu mlimani, penye migomba na kahawa, halafu zina shamba la mahindi chini tambarare. La kwetu liko upande wa Kahe. Tukateremka mpaka Himo, tukashika njia ya Moshi, kisha tukakata kushoto kuelekea kusini. Joto linakupokea kabla hujafika. Asubuhi Marangu nilikuwa nimejifunga kitenge mabegani, saa tano nilikuwa nimetoa hadi viatu.

Kahe ni kama kilomita 20 kutoka Moshi mjini, lakini ni dunia nyingine. Maji yanayopotea ardhini huko juu yanaibukia huku chini kwenye chemchemi, kama ile ya Miwaleni, yanaingia kwenye mifereji na kulisha mpunga, mahindi na migomba. Wenyeji ni Wakahe, wana lugha yao, jamaa ya Kichaga lakini siyo Kichaga. Mume wangu amekua akitazama Kahe kutoka juu, na kumbe alikuwa hajawahi kuikanyaga stesheni yake. Mimi ndiye niliyemwomba tupite.

Tukafika, akapaki kwenye kivuli. Na kwa kusahau tu, akazima.

Ukimya wa pale sitausahau. Tulitazamana. Akabonyeza. Tik. Akabonyeza tena. Tik. Akatoka nje, akaenda kusimama relini amenipa mgongo.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu akatukaribisha. Tukampa shikamoo, akauliza tatizo, tukamwambia. Akasema, "Msihofu, wanangu. Hata hii reli iligoma miaka mingi, mbona sasa hivi inatembea."

Kweli kabisa. Kahe ni njia panda ya reli. Wajerumani waliijenga yao kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaleta ya kwao kutoka Voi, Kenya, kupitia Taveta, na mwaka 1916 ikaungana na hii hapa. Machi mwaka huohuo palikuwa na mapigano makali hapahapa. Jeshi la Jenerali Smuts lilikuja kuusukuma upande wa Lettow-Vorbeck, na Wajerumani walikuwa na mzinga mkubwa uliong'olewa kwenye meli yao ya Königsberg, ile iliyoishia kule delta ya Rufiji mwaka 1915. Fikiria mzinga wa meli, katikati ya mahindi! Miaka mingi baadaye treni za abiria zikasimama kabisa. Zilirudi Desemba 2019, zikitoka Dar hadi Moshi, baada ya zaidi ya miaka 20. Tawi la kwenda Voi ndilo lililobaki kimya.

Haya yote nilimsimulia mume wangu nikidhani namliwaza. Akanikatiza. "Sema tu ulichotaka kusema tangu mwezi wa tatu."

Nikasema. Kwamba zile hela nilitaka tununue kiwanja. Kwamba alinunua gari kwa ajili ya kibaraza cha Marangu, siyo kwa ajili yetu. Na nikaongeza jambo ambalo sikujua kama nitalisema: kila likigoma, moyoni nilikuwa nafurahi kidogo.

Alikaa chini kwenye jiwe. Baadaye sana akasema, "Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa silizimi."

Kijana mmoja fundi wa pikipiki alikuja saa tisa na spana namba kumi, msasa, na kandambili. "Shemeji, washa taa za mbele. Kaka, bonyeza." Taa zikafifia kama mshumaa. Akatikisa vichwa vya betri, viko imara. Akafuata waya mweusi, ule wa ethi, hadi unapofungwa kwenye bodi. Nati inazunguka kwa kidole! Chini yake rangi ya kiwandani na vumbi. Akafungua, akasugua mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Likawaka. Akatuambia tuzime, tuwashe, mara kumi. Likawaka mara kumi.

Akatueleza kwamba redio na taa zinakula umeme kidogo, zinaridhika hata waya ukigusa kwa shida. Stata inavuta ampia zaidi ya 100, inataka chuma kwa chuma. Barabara mbaya na joto vinaisogeza ile nati, siku inagusa, siku haigusi. Na kompyuta ya gereji haina kidole cha kujaribu nati. (Ukipata tatizo la namna hii na gari bado liko kwenye dhamana, rekodi video kwa simu likigoma, andika na tarehe. Sisi hatukufanya hivyo, tulikuwa tunaona aibu.)

Alitaka elfu tano. Mume wangu akampa ishirini.

Tulipoanza kurudi, mawingu yalikuwa yamefunguka na Kibo imesimama mbele yetu yote, mita 5,895, kutoka tambarare hadi theluji. Hakuna aliyewasha redio.

Tulifika usiku umeingia. Mama alikuwa kibarazani na majirani wawili. "Mbona mmechelewa hivi?"

Nikafungua mdomo kutoa ile sababu yetu ya siku zote. Mwenzangu akaniwahi.

"Gari liligoma, Mama. Linagoma tangu tulinunue."

Akazima injini, akaingia ndani na gunia begani.