Takwimu za Juzi, Maamuzi ya Leo

Miaka michache iliyopita, katika juma la mitihani, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama mbele ya meza yangu akiwa na stakabadhi ya benki mkononi. "Shikamoo mwalimu. Ada nimelipa," alisema. Nikamtafuta katika mfumo wa malipo wa chuo nilichofundisha wakati huo. Mfumo ukazunguka, ukazunguka, kisha ukakata bila jibu. Nikamwambia maneno yanayonisuta hadi leo: "Mfumo haukuoni." Akakosa mtihani wa asubuhi ile.

Jioni niliketi na kijana msimamizi wa kanzidata. Ilikuwa Firebird, injini iliyozaliwa baada ya Borland kuachia msimbo wa InterBase mwaka 2000. Wakubwa walikwisha kuhukumu: seva imechoka, inunuliwe nyingine. Kijana akafungua jedwali la ndani liitwalo RDB$INDICES, akanionyesha namba moja tu: 0.5.

Faharasa ya kanzidata ni kama ile ya mwisho wa kitabu: hukufikisha kwenye ukurasa bila kupekua kitabu kizima. Ili kuamua kama inafaa kutumiwa, injini hutazama takwimu yake, yaani moja kugawanya kwa idadi ya thamani zilizo tofauti. Faharasa ya namba za wanafunzi iliundwa siku ya majaribio, jedwali likiwa na wanafunzi wawili wa kubuni. Sasa walikuwa takriban 20,000, lakini Firebird haihesabu upya kwa hiari yake. Husubiri iamriwe, au faharasa ijengwe upya. Basi injini iliendelea kuidharau faharasa ile na kupekua malipo yote kwa kila mwanafunzi aliyeulizwa.

Tiba ilikuwa amri moja, SET STATISTICS INDEX, ikifuatwa na jina la faharasa. Namba ikashuka hadi 0.00005. Tulipouliza tena, jibu lilikuja papo hapo: binti alikuwa amelipa wiki mbili kabla.

Injini haikuwa vivu wala haikuwa na hila. Iliamua kwa busara kuhusu chuo ambacho hakikuwapo tena. Nasi huamua hivyo. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Mtumishi anayegawa madawati au dawa kwa hesabu ya kwanza anaweza kuwa mwadilifu kabisa, na bado mtoto akaketi sakafuni.

Lakini sitajificha nyuma ya mashine. Stakabadhi ilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikachagua kuamini kioo. Kesho yake nilikwenda idarani kumwombea binti mtihani maalumu, nikakiri kosa langu kwa maandishi. Alipewa. Nilipomwomba radhi, alijibu kwa upole: "Mwalimu, mimi nilikuwa nimesimama pale pale."