Kadi za Migomba: Niliyoyaona Namakwekwe

Mwezi huu nawaletea habari za safari. Nilikwenda Mbale, mashariki ya Uganda, kumsalimia shangazi yangu aliyeolewa huko, katika mtaa unaoitwa Namakwekwe.

Safari ni ndefu kwelikweli. Kutoka hapa Nakivale unafika Mbarara, unapanda basi la Kampala, halafu lingine tena. Mjini Jinja mnavuka Mto Nile kwa lile daraja la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 525. Mkipita Iganga mnakata kushoto, barabara ya Tirinyi, na huko ni mashamba ya mpunga mabondeni. Mwishoni unauona Wanale, mlima uliosimama kama ukuta juu ya mji wa Mbale. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye majabali yake kama nyuzi nyeupe. Ni sehemu ya Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba.

Namakwekwe iko upande wa kaskazini wa mji. Utasikia Kimasaba, Kiganda, Kiteso, na Kiswahili pia, kwa kuwa mpaka wa Kenya hauko mbali. Mimi sikupata shida ya lugha hata kidogo.

Jirani na shangazi wapo akina mama watatu ambao jioni, kazi za nyumbani zikiisha, wanatandika mkeka na kutengeneza kadi kwa mikono. Hawana mashine. Wana wembe, mkasi, rula, gundi na maganda makavu ya mgomba. Nilikaa nao siku nne nikijifunza.

Kumbe ganda la mgomba lina rangi nyingi! La nje ni kahawia iliyoiva, la ndani ni jeupe kama maziwa, na katikati kuna rangi ya chai. Hakuna haja ya kununua rangi. Unalilowesha kidogo lilainike, unalikunjua, unalilaza chini ya kitu kizito mpaka linyooke. Kisha unakata umbo kwa wembe: mwanamke mwenye kapu, ngoma, nyumba ya nyasi, ndege. Unabandika juu ya karatasi ya manila. Ukikunja manila nzima mara 3 na kukata kwenye mikunjo, unapata vipande 8, yaani kadi 8.

Niliwauliza kama kazi hii inalipa. Mmoja akacheka, akaniambia, "Mwalimu, inalipa wageni wakija." Walikuwa wanapeleka kadi Jinja, kwa wauzaji wa vitu vya mikono wanaotegemea watalii wanaokuja kuona chanzo cha Nile. Mwaka 2020 korona ikaja, mipaka ikafungwa, watalii wakapotea. Kadi zikabaki kwenye boksi. Shule nazo zilifungwa mwezi wa 3 mwaka ule, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Watoto wakawa nyumbani tu. Basi akina mama wakawaita mkekani. Wakaanza kutengeneza kadi za jirani aliyefiwa, za harusi, za mtoto aliyezaliwa. Pesa ilikuwa kidogo, lakini kazi haikufa.

Wakimbizi wa ndani pia wameijua kazi ya karatasi. Huko Kampala, katika mtaa wa Acholi Quarter, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini ya Uganda walikuwa wakiponda mawe machimboni, na wengine wakaviringisha shanga kutokana na karatasi kuukuu. Unakata karatasi pembetatu ndefu, unaizungusha kwenye kijiti kuanzia upande mpana, ncha unaibana kwa gundi. Mwaka 2004 Wamarekani walioziona shanga kama hizo walianzisha shirika la BeadforLife ili kuwatafutia wanawake wa Uganda soko.

Lakini ndugu zangu, sisi hapa hatuna watalii, na sitaki kumdanganya mtu kwamba atajenga nyumba kwa kadi. Mimi ninafikiria jambo lingine. Mwezi wa 11 watoto wetu wanafanya mtihani wa taifa wa PLE. Mnajua desturi: mtahiniwa anapewa kadi ya kumtakia heri. Mwaka jana niliwaona watoto wakionyeshana kadi zao, na wengine wakasimama pembeni mikono mitupu. Ni wale wanaolelewa na majirani, wazazi wao wamebaki Kivu au hawajulikani walipo. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kadi zinatolewa ofisi gani?" Alidhani kuna foleni, kama ya mgao wa chakula.

Kadi haina ofisi. Inatoka kwa mtu aliyekaa chini akakufikiria, akaandika jina lako kwa mkono wake. Na vifaa tunavyo, maana hii Isingiro yetu ni wilaya ya migomba. Maganda makavu yanatupwa au yanachomwa. Mwombe mwenye shamba kwa adabu, hatakunyima. Gundi ni unga wa muhogo au wa ngano, koroga na maji baridi kwanza, kisha pika moto mdogo mpaka iwe nzito. Pika kidogo kidogo, kwa sababu inachacha upesi. Kadi ikishabandikwa ianike kivulini, chini ya kitabu kizito, isije ikajikunja.

Basi, kila Jumamosi saa 8 mchana nitakuwa kwenye chumba cha darasa la saba. Njoo na wembe na ganda la mgomba, manila nitatafuta mimi. Akina baba mnakaribishwa pia, hii si kazi ya wanawake peke yao. Majina ya watahiniwa wote nimeyaandika ubaoni. Chagua jina moja la mtoto asiye wako.