Sumaku ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mabomba katika nyumba za manispaa jijini Nairobi, kuanzia Maringo hadi Jericho, na mfukoni hakukosa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Miaka ya tisini sumaku hiyo ilimtosha. Ikinata, ni chuma: bomba la maji lililopakwa zinki juu, au lile zito la maji taka, la chuma cha kusubu. Isiponata, ni shaba: mfereji, vali, mita. Akishuku, alipitisha tupa. Rangi ya shaba huingia hadi ndani.

Kujua kulikuwa na maana. Shaba na chuma vikigusana majini, chuma ndicho huliwa, hasa kwenye nyuzi za kiungio ambako zinki imeshanyolewa. Ndiyo maana maji yaliporudi usiku baada ya mgao, ndoo ya kwanza ilikuwa nyekundu na tulideki nayo tu.

Kisha maduka yakajaa mifereji ya bei nafuu iliyong'aa kama kioo. Sumaku hainati, na mteja anaapa kwamba kanunua shaba. Kumbe ni zinki iliyosubiwa na kupakwa kromu, nyepesi mkononi, nayo huvunjikia kwenye nyuzi fundi akiikaza. Halafu kuna chuma kisichoshika kutu. Kile cha kawaida kina kromu asilimia 18 hivi na nikeli 8, sehemu kubwa iliyobaki ni chuma, lakini sumaku hukipita kana kwamba haikioni.

Wanunuzi wa vyuma chakavu nao wana sumaku, na kwao shaba hulipa mara kadhaa zaidi ya chuma. Mita ya ploti yetu iling'olewa usiku. Iliyoletwa baadaye ilikuwa ya plastiki. Januari 2022, minara ya umeme ilipohujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima. Kufikia Mei ikaruhusiwa tena, kwa masharti.

Siku hizi ndani ya kuta hupita mabomba ya plastiki ya kijani yanayoyeyushwa na kuunganishwa kwa moto. Chuma kinatoweka, na sioni cha kukililia. Shaba imebaki kwenye vali na viungio vya nyuzi, na hapo ndipo udanganyifu ulipohamia. Kwa hiyo ukinunua mfereji, usiridhike na sumaku. Upime kwa mkono, kisha mwombe mwenye duka akwaruze kidogo upande wa chini kwa tupa. Kukionekana kijivu chini ya kromu, usilipe bei ya shaba.