Kutoka Rege Kurudi Ska

Watamu ya miaka ya 1990 ilikuwa ya rege. Matatu zilizotoka Malindi kupitia Gede zilipiga Bob Marley, Burning Spear na Lucky Dube mchana kutwa, na vijana wa ufuoni waliziimba nyimbo hizo bila kukosea neno. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mmoja wao. Alifuata besi na maneno, mengine yalimpita.

Sikio lake lilifunguliwa na kanda ya kunakili yenye nyimbo za mwanzo za The Wailers. “Simmer Down”, uliovuma Jamaika mwaka 1964, ulimduwaza. Marley ni yuleyule, lakini mwendo ni wa mbio, besi inatembea kijazi, gita linakata katikati ya mapigo, na tarumbeta, tromboni na saksafoni zinajibizana. Waliompigia ni wanamuziki ambao mwaka huohuo waliunda The Skatalites.

Hata hivyo, muziki huo, yaani ska, haukuwa mgeni kabisa kwake. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za wakoloni, ilikuwa imeshavumisha tarumbeta Lamu na Mombasa miaka mingi kabla ya ska kuzaliwa, na zumari ni la pwani tangu jadi. Huko Kingston, Jamaika, nako, Don Drummond na Tommy McCook wa The Skatalites walifunzwa kupuliza katika shule ya wavulana ya Alpha, chini ya watawa wa Kikatoliki.

Basi akaanza kuufuata ukoo wote wa muziki huo. Karibu na mwaka 1966 mwendo ulipungua, ikaja roksitedi na besi ikasogea mbele; miaka miwili baadaye, rege.

Mwaka 1979 vijana weusi na weupe wa Coventry, Uingereza, waliifufua ska kupitia lebo ya 2 Tone. “Gangsters” ya bendi ya The Specials imejengwa juu ya “Al Capone” ya Mjamaika Prince Buster, na bendi ya Madness ilichukua jina lake kutoka wimbo mwingine wa Buster. Wamarekani wa miaka ya 1990 waliongeza magita ya panki, na hapo, kwa mwandishi huyu, utamu ulipungua: kelele zilizidi, nafasi ya kucheza ikabana.

Kijana wa Watamu au Kilifi anayetaka kuanza leo na aanze na “Simmer Down”, kisha “Guns of Navarone” ya The Skatalites, ndipo aende kwa The Specials. Na alisikilize gita kabla ya maneno.